Kitabu cha Mwalimu Aliyefiwa

Sisi walimu twapenda kumfariji mtu kabla hajamaliza kulia. Mimi nalimwendea mama mmoja aliyefiwa na mumewe, nikamsomea habari za ufufuo. Akaitikia, "Ndiyo, mwalimu," kisha akageuza uso ukutani. Kwa hiyo nimekisoma kitabu kidogo cha C. S. Lewis, A Grief Observed, kwa haya kidogo.

Lewis alifundisha katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, huko Uingereza. Mwaka 1940 alitoa kitabu juu ya maumivu ya wanadamu, na hoja zake zimepangwa vizuri sana. Mwaka 1956 akamwoa Joy Davidman, mtunzi wa mashairi kutoka Marekani; mwaka uliofuata kasisi akaibariki ndoa yao kando ya kitanda cha hospitali, maana bibi alikuwa na saratani. Akapata nafuu kwa muda, hata Julai 1960 akafariki. Ndipo mumewe akatwaa madaftari akaandika aliyoyaona moyoni. Kitabu kilitoka mwaka 1961 kwa jina la kubuni, N. W. Clerk, na mkewe humo huitwa H. tu.

Hoja za mwaka 1940 hazimo. Auliza kwa nini Mungu, aliyeonekana karibu wakati wa furaha, anyamaze sasa. Msomaji mwingine atachukizwa. Mimi sichukizwi: Ayubu alisema makali zaidi, na waliokemewa ni rafiki zake waliomtetea Mungu.

Nilipopenda zaidi ni pale asemapo habari za mtu aliyekatwa mguu. Kidonda hupona, naye hutembea kwa gongo; walakini kuoga, kuvaa, kuketi na kuinuka, hakuna hata kimoja kilicho kama zamani. Tena aogopa kwamba sura ya mkewe aliyoishika moyoni itageuka kidogo kidogo kuwa sanamu ya kujichongea mwenyewe, wala si yule mke aliyejua kumbishia. Neno hili sijapata kulisikia matangani, nami naona ni kweli. Baadaye ashangaa kuona kwamba siku huzuni ilipopungua ndipo alipomkumbuka vema.

Kasoro yake ni kwamba kitabu hiki karibu hakina watu. Watoto wa marehemu wamo kwa maneno machache, nao huona haya anapomtaja mama yao. Wengine humkwepa njiani. Hakuna jamvi, hakuna jirani aletaye unga. Kwetu matanga huijaza nyumba. Lakini wageni wakiisha kukunja mikeka yao, mjane wetu naye hubaki peke yake, wala hana daftari. Kwa siku hizo kitabu hiki chafaa kusomwa, hasa na sisi tupendao kusema.

Nalirudi kwa yule mama bila kitabu, nikamwuliza mumewe alikuwa mtu wa namna gani. Akaanza kwa kunieleza jinsi alivyokuwa mbishi.