Fundi wa waya wa Carama
Katika gereji za Carama, kaskazini mwa Bujumbura, ninayemheshimu zaidi ni fundi umeme anayelala chali chini ya Land Cruiser kuukuu, akitafuta kwa nini taa za breki haziwaki. Fyuzi ikiungua kila dereva anapokanyaga pedali, anajua kuna waya uliochubuka na kugusa chuma. Lakini wapi? Waya unaanzia kwenye swichi iliyo juu ya pedali, unapita chini ya zulia, unafuata fremu hadi nyuma, umefunikwa na matope makavu na viraka vya mafundi waliotangulia. Anaufuata kwa vidole na taa ya kupimia, kiungo baada ya kiungo. Pengine umeme unafika vizuri, ila kutu imeuzibia njia ya kurudi pale waya ulipofungwa kwenye bodi. Ndiyo maana ukikanyaga breki, indiketa nayo inafifia-fifia. Anakwangua, anakaza skrubu. Analipwa kidogo, kwa kuwa mteja haoni kipuri kipya. Na gari hilo likiteremka kutoka milima ya Bugarama kwenye ukungu, dereva wa lori aliye nyuma huwahi kupunguza mwendo.