Nilihesabu Meno Kabla ya Kutoa Pesa

Kutoka Kimara Mwisho hadi kituo cha Fire, hapa Dar es Salaam, ni kama kilomita 13, na asubuhi ukienda kazini barabara yenyewe inakubeba. Unateremka Korogwe, unapita Baruti, unafika Ubungo hujatoka jasho. Baada ya hapo ni Manzese, Magomeni na bonde la Jangwani, kisha umefika. Ukiijaribu baiskeli kwa safari hiyo ya asubuhi utanunua yoyote, maana zote zitakupendeza. Safari inayosema kweli ni ile ya saa kumi na moja na nusu jioni. Umechoka, begi limeongezewa unga na matunda, na kuanzia Ubungo unapandisha mpaka mlangoni kwako.

Baiskeli niliyo nayo sasa niliichagua kwa kuanzia jioni hiyo. Nimeamua kueleza hesabu zilivyokwenda kwa sababu nawaona wenzangu wengi wakitoa pesa nzuri kwa ajili ya rangi na shokapu, na miezi sita baadaye baiskeli imeegemezwa ukutani, tairi zimelala. Huwa inaniuma, kwa sababu aliyekata tamaa namna hiyo mara nyingi hajilaumu kwa kuchagua vibaya. Anasema baiskeli si usafiri wa mtu mzima, na harudi tena barabarani.

Kazi nilizotaka zifanywe zilikuwa mbili. Ya kwanza ni hiyo ya kila siku. Ya pili ni ya Jumamosi: ama Pugu na Kisarawe, ambako ukiiacha lami unakutana na udongo mwekundu na mchanga, ama Bagamoyo kwa njia ya Tegeta, Bunju na Mapinga, ambayo ni lami ndefu na jua kali. Baiskeli mbili sina pa kuziweka, kwa hiyo ilibidi moja iweze yote.

Nilizunguka Kariakoo na Ilala wiki tatu, mwisho zikabaki tatu. Moja ilikuwa baiskeli nyeusi ya umbo la kale, la Phoenix na Swala walizopanda baba zetu, mpya kabisa, yenye keria ya chuma inayobeba gunia bila kulalamika. Ya pili ilikuwa mpya pia, ya kupandia milima, gia 21, shokapu mbele na katikati. Ya tatu ilikuwa ya mtumba kutoka Ulaya, nyembamba kuliko ya milimani na nene kuliko ya mashindano, haina shokapu popote. Haikuwa na mng'aro wowote wa kumvuta mtu.

Nilianza kwa kuhesabu meno. Ile nyeusi ilikuwa na meno 46 kwenye pedali na 18 nyuma. Gawa: kila unapozungusha pedali mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka mara 2.56. Tairi lake la inchi 28 likizunguka mara moja linasogea mita 2.23, kwa hiyo mzunguko mmoja wa mguu unakupeleka mita 5.7. Kwenye tambarare ya Magomeni hiyo ni raha tupu. Zungusha mara 60 kwa dakika, unakwenda kilomita 20 kwa saa. Lakini mlima wa jioni mimi naupanda kwa kilomita 8 kwa saa, yaani mita 133 kwa dakika. Gawanya kwa 5.7, unapata mizunguko 23 kwa dakika. Huko si kuendesha tena, ni kusimama juu ya pedali moja na kuisubiri ishuke.

Ya mtumba ilikuwa na magurudumu matatu ya meno mbele, 48, 38 na 28, na saba nyuma, kuanzia 14 hadi 28. Ukiweka 28 mbele na 28 nyuma, mguu ukizunguka mara moja na tairi linazunguka mara moja: mita 2.19. Mlima uleule, mwendo uleule, na mguu sasa unazunguka mara 61 kwa dakika. Kazi inayofanyika ni ileile, hakuna aliyekupunguzia mlima. Ila imegawanywa katika misukumo midogo mingi, na kila msukumo unadai chini ya nusu ya nguvu iliyotakiwa kule kwingine. Anayejua tofauti hiyo ni goti. Na ukiteremka kesho yake, 48 kwa 14 zinakupa mita 7.5 kwa mzunguko, zinatosha kabisa hata kwa barabara ya Bagamoyo.

Wauzaji wengi hukuvuta kwenye uzito: nyanyua, ona ilivyo nyepesi! Nilizinyanyua. Ile nyeusi ilikaribia kilo 20 na ya mtumba ilikuwa pungufu kwa kilo sita hivi. Lakini mlimani hapandi baiskeli peke yake. Mimi na begi langu tunavuka kilo 75, kwa hiyo katika jumla ya mzigo unaopanda Kimara, tofauti hiyo haifiki sehemu moja ya kumi. Meno yalibadilisha msukumo wa mguu zaidi ya mara mbili. Mwenye pesa za kuongeza aziweke kwenye meno kwanza.

Ile ya pili, ya shokapu, kwa gia haikuwa na kasoro, na kwa macho ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote. Niliikataa kwa sababu nilishawahi kuwa na ndugu yake. Shokapu za bei ya chini ni springi tupu, hazina mafuta ndani ya kuzituliza. Unapokanyaga kwa nguvu mlimani zinabonyea, na sehemu ya jasho lako inaishia kwenye springi badala ya barabarani. Halafu zinaliwa na vumbi na hewa ya chumvi. Yangu ya zamani, bushi za katikati zililegea kabla ya masika ya pili kwisha, nikawa nasikia fremu ikicheza kila nikikata kona. Duka lililoniuzia halikuwa na bushi za kubadilisha, na hakuna fundi aliyezipata. Tena fremu ya namna hiyo haina matundu ya kufungia keria, kwa hiyo begi linakaa mgongoni na shati linafika ofisini limelowa.

Hapa pana jambo la tairi ambalo limewatesa wengi. Maneno "inchi 28" na "inchi 26" hayatoshi. Ubavuni mwa tairi pana namba nyingine, kama 37-622. Ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokalia, na hiyo ya pili ndiyo inayoamua. Inchi 28 ya baiskeli nyeusi ni 635. Inchi 28 ya baiskeli nyingi za Ulaya ni 622. Zimetofautiana milimita 13 tu, lakini la 622 haliingii kwenye rimu ya 635, na la 635 linaingia kwenye 622 kirahisi mno, kisha ukilijaza upepo linachomoka. Inchi 26 nazo ni hivyohivyo: ya kupandia milima ni 559, ile ya baiskeli za Kijapani za kikapu ni 590. Nimemwona mama mmoja Ilala akirudisha tairi mara mbili kwa muuzaji aliyekuwa anamjibu kwa inchi. Angeonyeshwa hiyo namba ndogo, angeondoka na tairi sahihi mara ya kwanza.

Ya mtumba niliyoitaka ilikuwa 622, na hilo lilinipa moyo, kwa sababu baiskeli mpya za milimani zinazoitwa inchi 29 nazo ni 622, kwa hiyo tairi lake linaingia. Kinachobaki ni kuangalia kama nafasi ya fremu inapokea unene wake. Yangu inapokea mpaka milimita 40. Naenda na 37: Bagamoyo najaza hadi pauni 60, mchanga wa Kisarawe napunguza hadi 40, na tairi linatandaza mguu badala ya kuchimba.

Breki sikuzitafakari sana, kwa kuwa Jangwani lilikwisha kunipa jibu. Bonde lile likijaa maji barabara hufungwa, na hata maji yakiondoka unapita kwenye tope na rimu zimelowa. Rimu za baiskeli nyeusi ni chuma kilichopakwa kromu, laini kama kioo, na breki zake za vijiti hubana kidogo tu. Zikilowa, unabana na baiskeli inaendelea na safari yake. Rimu ya alumini haitelezi hivyo, raba inaikamata hata ikiwa na maji, na breki za V zina mikono mirefu inayozidisha nguvu ya vidole. Raba zake kila fundi anazo. Diski ni nzuri zaidi kwenye tope, sikatai, ila pedi zake bado unazifuata Kariakoo.

Kuna kitu kidogo kwenye breki ambacho kingeweza kuniumiza. Baiskeli nyingi za bara la Ulaya, mkono wa kushoto ndio unaoshika gurudumu la mbele. Mimi nimezoea mbele iwe kulia. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi, maana uzito mwingi hukimbilia huko, na ukiibana kwa nguvu ukidhani ni ya nyuma unaruka juu ya usukani. Nilimwomba fundi wa pale dukani abadilishe waya kabla sijaitoa.

Mtumba unataka upimwe kwa mkono. Nilipitisha kidole chini ya fremu, pale bomba linapokutana na shingo ya usukani, kutafuta ufa. Nilizungusha magurudumu nikitazama kama yanayumba kati ya raba za breki. Kisha cheni: kutoka pini ya kwanza hadi ya 25 inapaswa kuwa milimita 305. Ikifika 306 na nusu, badilisha cheni. Ikifika 308, imekwisha kula na meno ya nyuma, na gharama hiyo uiondoe kwenye bei. Ilisoma 308. Niliondoa.

Urefu nilipima nyumbani, nimesimama ukutani na kitabu katikati ya miguu: sentimita 82 kutoka sakafuni. Kipimo cha waendeshaji wa mashindano ni kuzidisha kwa 0.883, nikapata sentimita 72 kutoka katikati ya krenki hadi juu ya siti. Asiyependa hesabu aweke kisigino kwenye pedali iliyo chini, mguu ukinyooka kabisa, basi. Jijini hapa wengi wanakaa chini mno, magoti yanapanda kifuani, na baada ya mwezi wanalaumu umri.

Kabla ya kulipa niliipiga picha baiskeli, nikampelekea fundi wetu wa pale Baruti, mzee ambaye ameziba pancha zangu miaka mingi. Aliitazama kwenye simu muda mrefu, akaikuza kwenye magurudumu ya meno.

"Mwanangu, hii nitaiweza," alisema. "Gololi zake ninazo, cheni ninayo. Ile nyingine yenye springi usiniletee, nitakuchelewesha tu."

Nilimshukuru, nikaenda kulipa.

Imeshapita masika moja. Nilibadilisha cheni na meno ya nyuma siku ya kwanza, nikafunga madigadi na keria kwenye matundu yake, na begi limeshuka mgongoni. Kilichonisumbua ni Kisarawe: kuna kipande cha udongo ambapo hata 28 kwa 28 haitoshi nikiwa na maji na chakula cha siku nzima. Fundi anatafuta friwili ya 14 hadi 34, ambayo ingenipa mita 1.8 kwa mzunguko. Kabla ya kuifunga ametaka kwanza apime mkono wa gia wa nyuma, kama una urefu wa kuikaza cheni nitakaporudi kwenye meno madogo. Jumamosi hii nampelekea baiskeli aipime.