Silaha ya Kujifunzia: Kutoka Chemba Inayoelea hadi Upinde wa Meatu

Silaha ya mazoezi ni ile iliyotengenezwa au iliyogeuzwa ili mkono wa mwanafunzi uzoee uzito, umbo na tabia ya silaha halisi bila kubeba gharama na hatari yake yote. Ugumu wake wa kiufundi umo katika sharti hilo lenyewe, kwa kuwa karibu kila kinachopunguza gharama na hatari hupunguza pia mfanano, na bila mfanano hakuna fundisho. Wakusanyaji wa bastola za kale za kijeshi wamelitambua jambo hili tangu zamani, na ndiyo maana bastola ya mazoezi, ambayo huenda haikufika vitani hata siku moja, hutafutwa kwa bidii ileile inayotumika kutafuta bastola iliyopigana. Katika Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 ukiwa na makao makuu Bariadi, tatizo hilohilo limepatiwa majibu ya aina nyingine, yanayostahili kuchambuliwa kwa makini yaleyale.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa bastola ya Colt, ambayo jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1911. Risasi yake ina kipenyo cha inchi 0.45, yaani milimita 11 na ushei, na kichwa chake cha kawaida kina uzito wa gramu 15 hivi. Kuwafundisha makuruta kwa risasi kubwa namna hiyo kulikuwa ghali, ilhali risasi ndogo ya inchi 0.22, yenye kichwa cha gramu 2.6 hivi, iliuzwa kwa bei ndogo sana. Kikwazo kilikuwa slaidi, yaani kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka ili kutupa ganda tupu na kupakia risasi nyingine: nguvu ya risasi ndogo haitoshi kuusukuma uzito huo. Kiwanda cha Colt kilitoa jibu la kwanza mwaka 1931 kwa bastola iliyoitwa Ace, ambayo slaidi yake ilipunguzwa uzito. Bastola ilifanya kazi, lakini ilikuwa pole mno mkononi, na mpigaji aliyeizoea hakuwa amejifunza kuumudu mrejeo, yaani ule msukumo wa nyuma ambao bastola kubwa humpa anayeifyatua.

Jibu la pili, lililokuja mwaka 1937 katika bastola ya Service Ace, lilitokana na uvumbuzi wa David Marshall Williams, na ndilo linaloifanya bastola hii iwe johari ya makusanyo. Chemba, yaani kitundu ambamo risasi hukaa kabla ya kufyatuliwa, kwa kawaida huwa sehemu ya mtutu wenyewe; Williams aliitenga ikawa kipande kinachojitegemea, kinachoweza kuteleza kidogo kurudi nyuma, yaani chemba inayoelea. Risasi inapofyatuliwa, gesi ya baruti hupenya kati ya uso wa mbele wa kipande hicho na mtutu, na kwa kuwa uso huo ni mpana kuliko kitako cha ganda, mgandamizo uleule huzaa nguvu kubwa zaidi. Kanuni hii inajulikana kwa yeyote aliyelinganisha pampu nyembamba ya baiskeli na pampu nene, akaona jinsi ile nene inavyodai nguvu nyingi kwa mgandamizo usiozidi. Chemba hiyo huipiga slaidi kwa kishindo, na mkono hupata mrejeo unaoukaribia ule wa bastola halisi. Gharama yake ni uchafu, kwa sababu madini ya risasi na masizi hujikusanya kuizunguka chemba na kuizuia isiteleze, hivyo mkusanyaji makini huikagua chemba kabla hajautazama uzuri wa rangi ya nje.

Wajerumani walifuata njia ya kubadili viungo. Kiwanda cha Erma kilitengeneza vifaa vya kuigeuza bastola ya Luger ipige risasi ya inchi 0.22, navyo vilikuwa mtutu mwembamba wa kupachika ndani ya ule mkubwa, kiungo kipya cha nyuma na magazini yake, vyote katika sanduku la mbao. Seti isiyo na sanduku lake hushuka thamani, na inastahili kushuka, kwa kuwa sanduku ndilo linaloonyesha jinsi kifaa kilivyotunzwa na kutumiwa.

Katika Wilaya ya Meatu, mkoani Simiyu, ambako sehemu ya Wahadzabe huishi, mafunzo ya shabaha huanza utotoni na hufuata njia iliyo kinyume cha ile ya Williams. Upinde wa mtu mzima huhitaji nguvu inayolingana na kuinua kilo 30 hivi, kiasi ambacho mtoto hakiwezi. Basi haukutafutwa ujanja wa kumpa mtoto uzito wa bandia, bali mvulana hupewa upinde mdogo ulio upinde kamili, kisha hupata mkubwa zaidi kadiri anavyokua. Mishale yake ya mwanzo ni ya mti mtupu, isiyo na chuma wala sumu, ya kuwindia ndege na wanyama wadogo. Hapa silaha ya mazoezi haitengani na silaha ya kazi, kwa maana ndege aliyepigwa huliwa, na ubora wa fundisho hupimwa papo hapo.

Bunduki ya mbao ya mgambo ina mantiki ya tatu. Jeshi la mgambo lilipata msukumo mkubwa kutokana na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, na mti uliochongwa kwa umbo la bunduki hufundisha kwata, mwendo na namna ya kubeba silaha, lakini shabaha haufundishi kabisa.

Mkusanyaji wa Simiyu ana nafasi ambayo wenzake wa ng'ambo hawana. Bastola ya risasi ndogo ni silaha ya moto, nayo imo ndani ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 sawa na bastola nyingine, ilhali bunduki ya mbao haina cha kufyatua. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayoutazama mwaka 1863 kama mpaka wa masalia ya kale, haiwezi kuitambua bunduki hiyo kuwa miongoni mwa masalia hayo, hivyo uhifadhi wake unategemea watu wenyewe. Viwanja vya maonesho vya Nyakabindi, Bariadi, vinaweza kuupokea mkusanyo wa namna hiyo, mradi kila kipande kiandikwe aina ya mti, uzito wake ukilinganishwa na wa bunduki iliyoigwa, kijiji kilikotoka, mwaka wa mafunzo, na mahali ambapo viganja vya makuruta vimeulainisha mti.