Thamani ya Jengo: Mfano wa Mji Mkongwe

Mara nyingi thamani ya jengo hupimwa kwa kodi liletayo. Zahanati ya Kale ya Unguja yakanusha kipimo hicho. Ilianza kujengwa mwaka 1887 kwa fedha za tajiri Tharia Topan, ikakamilika mwaka 1894, naye alikwisha kufariki. Roshani zake za mbao zilizonakshiwa si pambo tupu: hutia kivuli na kupitisha upepo wa bahari. Ilipochakaa, ilikarabatiwa katika miaka ya 1990, ikapewa kazi mpya pasipo kupoteza sura yake.

Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, latoa fundisho la kinyume. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Fahari isiyotunzwa kwa wakati haidumu.

Lugha yenyewe yaonya. Baraza ni kiti cha mawe mbele ya nyumba. Tena ni kikao cha watu. Mwenye duka abomoaye baraza ili kupanua mlango hupata dhiraa moja ya nafasi, hupoteza walioketi hapo, nao ndio wateja wake.