Kisu Kinachojua Kungoja

Mama wa Mkokotoni akiona uvimbe wa ngiri kinenani mwa mwanawe, unaotokeza akilia na kurudi akilala, huanzia Hospitali ya Kivunge. Ikibidi, huteremka mjini, Hospitali ya Mnazi Mmoja. Madaktari wa Kichina nao wamo katika kazi ya upasuaji visiwani: timu yao ya kwanza ilifika Zanzibar mwaka 1964.

Operesheni ya ngiri ya mtoto ni fupi, lakini si nyepesi. Mfuko wa ngiri ni mwembamba mno, umeshikana na mrija wa mbegu na mishipa ya damu ya korodani. Mkono ukiteleza, hasara huonekana ukubwani.

Mimi nawapongeza wapasuaji zaidi kwa kujua kungoja. Maji ya korodani kwa mtoto mchanga mara nyingi hukauka yenyewe. Kitovu kilichotokeza nacho aghalabu hujifunga (sarafu tunazokifungia, wallahi, hazisaidii kitu). Korodani isiyoshuka hupewa miezi 6, kisha hushushwa kabla ya mwaka mmoja na nusu.

Korodani iliyojisokota ndiyo haingoji: saa 6 zikipita, huenda isiokoke. Na kijana anayeona haya kumwambia mamake kinachomuuma humnyima mpasuaji saa hizo hizo.