Gesi Ilipoisha Usiku, Ulifanya Nini?

"Wakuu habari zenu. Nina wazo la programu ya simu ya kuagiza gesi ya kupikia: mteja anabonyeza, mtungi unamfikia mlangoni. Nitaanzia Mbagala, kisha Temeke yote na Kinondoni. Naombeni ushauri wenu."

Ujumbe huu nimeutunga mimi ili tuwe na mfano wa kushika mkononi. Hata hivyo, anayepita JamiiForums au kwenye makundi ya biashara ya WhatsApp na Facebook atautambua mara moja, na majibu yake anayajua kabla hayajaandikwa. Wa kwanza: "Wazo zuri sana mkuu, Mungu akutangulie." Wa pili: "Nicheki pembeni tuyajenge." Wa tatu anamwambia mwenye wazo aache ndoto za mchana. Baada ya siku mbili uzi umezama. Kijana amebaki na pongezi kumi na kejeli mbili, na bado hajui kama mama mmoja wa Mbagala Rangi Tatu atanunua gesi kwake.

Wasiokujua wana ukweli ambao ndugu zako hawatakupa. Ila ukweli huo hautoki kwa kuomba ushauri. Hutoka unapomuuliza mtu jambo alilokwisha kulifanya, na unapomwomba atoe kitu chake kidogo. Nitaeleza jinsi hilo linavyofanyika, nikipitia jaribio lililobadili maisha ya Afrika Mashariki nzima.

Jina la bandia na ulimi mwepesi

Kwetu kumvunja mtu moyo ni kosa la adabu. Mtoto wa dada yako amekuja sebuleni, amekaa vizuri, amekueleza wazo lake macho yakimng'aa. Utamwambiaje kwamba halitafika popote? Utasema inshallah, tuombe uzima. Umemstahi, na umemwacha aende kuchoma akiba yake. Rafiki wa chuo naye atafanya vivyo hivyo, maana kesho mtakutana tena.

Asiyekujua hana undugu wa kulinda, na akiandika kwa jina la bandia ulimi wake unakuwa mwepesi zaidi. JamiiForums ilianza mwaka 2006 kwa jina la Jambo Forums, ikabadili jina mwaka 2008, na tangu mwanzo imewaruhusu watu kuandika bila kutaja majina yao halisi. Desemba 2016 mwanzilishi mwenza wake, Maxence Melo, alikamatwa na kushtakiwa, mojawapo ya mashtaka likihusu kukataa kutoa taarifa za watumiaji wake. Wengi tunaikumbuka kesi ile kama kesi ya siasa, na ilikuwa hivyo. Lakini kilicholindwa pale kinamfaa hata muuza gesi: nafasi ya kumwambia mtu ukweli bila kuogopa utakutana naye wapi.

Kuna wanaoogopa kuandika wazo lao hadharani wasije wakaibiwa. Wahenga walishajibu: mficha uchi hazai. Wazo la kumpelekea mtu mtungi nyumbani si siri ya mtu yeyote. Kazi iko kwenye kulitekeleza, na huwezi kulitekeleza vizuri kabla hujalisema mbele za watu.

Hata hivyo, uhuru wa kusema haumfanyi msemaji aijue habari yenyewe. Anayekujibu huenda yuko ughaibuni, au hajawahi kubeba mtungi kwenye ngazi za nyumba ya kupanga. Kwa hiyo kila jibu lipimwe kwa mambo matatu: je, msemaji yuko huru kunikatalia? Je, jambo hili limemkuta yeye mwenyewe? Je, jibu lake limemgharimu chochote?

Thika, mwaka 2005

Oktoba 2005 kampuni ya Vodafone ya Uingereza, ikishirikiana na Safaricom ya Kenya, ilianza jaribio dogo Nairobi na Thika. Nusu ya fedha ilitoka kwenye mfuko wa serikali ya Uingereza wa kuchochea huduma za fedha kwa maskini. Waliolisimamia ni Nick Hughes na Susie Lonie. Wazo lao halikuwa kutuma pesa. Walitaka wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya warejeshe mikopo yao kwa simu badala ya kubeba fedha taslimu hadi kwenye mikutano ya vikundi. Washiriki hawakufika 500, mawakala walikuwa 8, na kila mshiriki alipewa simu.

Laiti waliojaribu wangeulizwa, "Je, mnapenda kurejesha mkopo kwa simu?", ninaamini wengi wangesema ndiyo. Wamepewa simu bure, watasemaje hapana? Wasimamizi wakaangalia watu wanafanya nini na simu hizo, na hapo ndipo ukweli ulipojitokeza. Mtu alinunua muda wa maongezi akamtumia jamaa yake aliye mbali. Wafanyabiashara walilipana wao kwa wao. Wengine waliweka pesa usiku kama kwenye kasiki, wakazitoa asubuhi. Wengine waliweka pesa kabla ya safari, wakazitoa walikofika, kuliko kusafiri nazo mfukoni. Faulu wenyewe walipata tabu kuoanisha malipo hayo na vitabu vyao, na mikutano ya vikundi, ambayo ndiyo nguzo ya mikopo ile, ikapungukiwa na maana.

Hakuna aliyeandika barua kusema wazo la awali halikuwa sahihi. Watu walilisema kwa matumizi. Huduma hiyo ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 kwa jina la M-Pesa, habari ya mikopo ilikuwa imewekwa kando, na ujumbe kwa wananchi ukawa mmoja: tuma pesa nyumbani. Jambo ambalo wabunifu walilidhani la pembeni ndilo lililokuwa biashara yenyewe.

Hadithi hii ina sehemu ya pili inayotuhusu sisi wa Dar es Salaam moja kwa moja. Aprili 2008 Vodacom ilileta M-Pesa Tanzania. Huduma ilikuwa ileile, na majibu ya Wakenya yalikuwa mkononi. Baada ya miezi 14 Kenya ilikuwa imepata watumiaji takriban milioni 2.7. Tanzania, kwa muda huohuo, ilipata takriban 280,000. Safaricom ilikuwa imeshika sehemu kubwa ya soko la Kenya, wakati hapa wateja waligawanyika kwenye mitandao kadhaa, nchi ni pana, na kuwapata mawakala wa kutosha kulihitaji mbinu nyingine. Ikabidi kujifunza upya, na leo hakuna mtaa wa Temeke usio na kibanda cha wakala. Ukweli wa Thika ulikuwa ukweli, lakini ulikuwa wa Thika. Jibu la mtu asiyekujua lina thamani pale tu anapoishi ndani ya tatizo unalotaka kulitatua.

Swali linapogeuzwa

Turudi Mbagala. Kijana wetu aliuliza kuhusu wazo lake, na anayeulizwa kuhusu wazo hutoa maoni. Angeuliza kuhusu tukio, angepata habari. Badala ya "Je, ungependa kuletewa gesi nyumbani?", aulize: "Mara ya mwisho gesi ilipokuishia katikati ya mapishi, ulifanya nini?"

Hapo watu wataanza kusimulia. Mmoja atasema alikoka jiko la mkaa, gesi akaijaza mwisho wa mwezi. Mwingine alimpa bodaboda mtungi na hela. Wa tatu ataandika sentensi inayostahili kusomwa mara tatu: "Nampigia Mangi wa hapa mtaani, analeta, namlipa jioni."

Sentensi hiyo imeeleza soko zima. Mshindani wa kijana wetu ni Mangi wa duka la kona. Huduma ya kupeleka mlangoni anayo, namba ya simu anayo, na ana kitu ambacho programu haina: daftari la madeni na miaka ya kufahamiana. Kijana akijibu kwa hasira kwamba programu yake ni ya kisasa, atakuwa amelifunga darasa alilofunguliwa bure. Aulize tena: Mangi akikosa gesi, unakwenda wapi? Mtungi wako ni wa kilo 6 au 15? Ulipata wapi pesa ya kununua mtungi wenyewe kwa mara ya kwanza?

Swali hilo la mwisho lina uzito katika mji huu. Watu wengi wa Dar es Salaam hununua mkaa kwa kopo, kadiri pesa ya siku inavyopatikana, na gesi ya mtungi hudai pesa nyingi kwa mkupuo. KopaGas, kampuni iliyoanzia hapahapa Dar es Salaam, ilijenga huduma yake juu ya jambo hilo. Walifunga mita kwenye mtungi, mteja akawa analipia kidogokidogo kwa simu, mfano wa LUKU ya umeme: ukilipa gesi inafunguka, salio likiisha inajifunga. Januari 2020 kampuni ya Circle Gas ya Uingereza iliinunua teknolojia hiyo kwa dola milioni 25 za Marekani. Tatizo walilolishika halikuwa safari ya kutoka dukani hadi mlangoni. Lilikuwa ukubwa wa malipo.

Shilingi elfu moja

Masimulizi ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili ni kuomba kitu. Mtu akikwambia "hii ningeitumia kila wiki", mshukuru, kisha mwombe atangulize shilingi elfu moja kwa ajili ya mtungi wa kwanza, na umrudishie usipoleta. Fedha ni ndogo, lakini mkono utakaoituma umeamua. Wakisifu arobaini wakatuma wawili, idadi ya kuandika kwenye daftari ni wawili. Tena wawili hao wafuate, uwahudumie kwa mikono yako, kwa simu ya kawaida na bodaboda ya kukodi, kabla hujamlipa mtu kukutengenezea programu. Kumbuka pia kuwa majina na namba za watu ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na haimsamehi mtu kwa kuwa biashara yake ni changa.

Hatua ya tatu ni kuwatafuta wasioonekana mtandaoni. Mama anayenunua bando la siku, na siku nyingine hanunui kabisa, hatakutana na uzi wako. Na huenda ndiye mteja uliyemkusudia. Chukua maswali yaleyale uende nayo stendi ya Rangi Tatu, sokoni Tandika na Tandale. Msalimie, jitambulishe, sikiliza. Usimwambie una wazo. Ukimwambia tu, ataanza kukuonea huruma kama shangazi yako.

Kwa hiyo ningemwomba kijana wetu aufute ujumbe wake na kuandika huu:

"Wakuu habari zenu. Naomba kusikia kutoka kwa mnaoishi Mbagala na mnaopika kwa gesi. Mara ya mwisho ilipoisha ghafla, mlifanya nini, na iliwagharimu shilingi ngapi? Hata kama hamkufanya kitu, niambieni."

Kisha akae kimya asome. Wakimjibu wengi kwamba walimpigia Mangi na mtungi ukaletwa, asihuzunike. Akiba yake bado iko salama, na namba ya Mangi anaweza kuipata. Pengine mteja wake wa kwanza ni Mangi.