Alfajiri Mbili katika Picha za Majumba ya Mawe

Wanavyuoni wa fiqhi hutenganisha alfajiri mbili. Ya kwanza ni ya uongo: nuru isimamayo wima angani mfano wa mkia, kisha ikafifia. Ya pili ni ya kweli: weupe unaotanda upande kwa upande juu ya upeo, nao ndio uletao wakati wa sala. Kipimo hiki kiliwekwa kwa ajili ya ibada, lakini chafaa pia kuhukumia aina moja ya picha iliyoshamiri mno kuhusu Mji Mkongwe wa Unguja: picha ya jumba la kale, iliyopigwa kabla ya jua kuchomoza, pasipo mtu hata mmoja.

Kwanza mpiga picha apewe haki yake. Majumba ya Forodhani yameelekea baharini, upande wa magharibi, na jua huyatokea mgongoni. Likisha kuchomoza, mbingu huwaka nyuma ya mapaa na uso wa jumba hubaki gizani. Kabla ya hapo mbingu na ukuta hukaribiana kwa mwangaza, na kwa kuwa nuru yatoka angani kote, haina kivuli kikali. Kuta za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa huipokea kwa upole. Nguzo, roshani na milango ya nakshi huonekana kwa umbo lake zima. Fursa yenyewe ni fupi. Katika latitudo hizi, tangu jua liwe nyuzi 6 chini ya upeo hadi lichomoze, hazipiti dakika 25. Lamu mambo ni kinyume: mji ule waelekea mashariki, penye kisiwa cha Manda, na jua la kwanza huupiga usoni.

Lakini nuru hafifu hutaka kamera ikae wazi kwa sekunde nyingi, na hapo ndipo uongo unapoingia, kwani kipitacho hakinaswi. Mwaka 1838 Daguerre alipiga picha ya barabara ya Boulevard du Temple, mjini Paris. Pilikapilika zote za njia zikapotea, akabaki mtu aliyesimama kung'arishwa viatu. Mji Mkongwe nao si mtupu saa hiyo. Wako waendao msikitini, wavuvi warejeao bandarini, mwenye kufagia mbele ya mlango wake. Picha huwafuta wote, kisha humwambia mtazamaji kuwa huo ndio utulivu wa kale.

Ushairi wa pwani ulishapita njia iliyo bora. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, alipoyatazama majumba ya Pate yaliyobomoka hakuishia kwenye kuta. Aliwauliza wenyewe waliko, wale waliowasha taa na kupanga vyombo katika zidaka. Kwake uzuri wa jumba na kutoweka kwa watu wake ni habari moja, na ndiyo sababu magofu yale yangali yakimliza msomaji.

Hasara ya utupu huu haiishii kwenye hisia. Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, ni miongoni mwa yaliyopigwa picha mno visiwani. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake iliporomoka, na watu wawili wakafa. Nuru isiyo na kivuli huonyesha umbo, lakini hulainisha ufa. Mpasuko wa ukuta na uvimbe wa chokaa iliyoingia maji hudhihirishwa na jua la ubavuni, ambalo kila kovu hulichorea kivuli chake. Picha nyingi zililisifu jumba lile; chache zililitolea ushahidi.

Haifai, kwa hayo, saa ya alfajiri iachwe. Yafaa itumiwe kwa uaminifu. Kanzu iache ukungu wake mweupe njiani, taa ya dirishani iachwe iwake, na mzee aliyetulia barazani abaki mahali pake, kama alivyobaki yule wa Paris. Kisha mpiga picha arudi siku hiyohiyo baada ya adhuhuri, jua linapoanza kuteleza juu ya kuta zile zile, auonyeshe na ufa. Picha hizo mbili zikichapwa ukurasa mmoja, mtazamaji ataliona jumba linalokaliwa, na atajua pia lahitaji nini ili lisimame.